Mashine ya Mazulia Iliyolala Juu ya Mafiga

Juzi mjukuu wangu Neema, yule anayekaa Mwembesongo kwenye nyumba ya vigae, alinionyesha kwenye simu picha ya mashine ya kusafishia mazulia. Ya mtumba, anasema, imetoka Ulaya, bado kali. Nikamuuliza, "Umeinusa?" Akacheka mpaka akakaa chini. "Bibi, picha nitainusaje?" Kumbe ameshailipa.

Hapo ndipo mnaponiudhi ninyi vijana. Mchumba mnamchunguza mpaka kabila la bibi yake, mashine mnaichukua kwa sura.

Mimi ni Koleta, binti wa Pius na Veronika, mzaliwa wa Nyandira huko Mgeta. Nimesugua mazulia ya watu mjini Morogoro tangu mama zenu hawajaota meno. Shule nilifika darasa la pili, la tatu likanifungia mlango. Kuandika nimejifunzia kwenye kisomo cha watu wazima, mtoto mgongoni na chaki mkononi, kwa hiyo mkiona herufi zangu zimelala chali, mziache zipumzike, zimetoka mbali.

Mashine kuukuu inanuswa kwanza. Unaweka pua pale penye matundu mota inapopumulia. Ikinuka vumbi, hiyo ni nzima, ilikaa bure tu. Ikinuka uvundo, inatibika kwa jua. Ikinuka nywele zilizoungua, kunywa chai ya mwenye nyumba, mshukuru, nenda zako.

Pua hiyo nilifundishwa na Bi Mwanahamisi, Mungu amrehemu. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mume wake mtu wa reli. Mume akamleta Morogoro, halafu akaenda Kisaki kwenye kazi ya reli mpya. Reli ikaisha, treni zikapita, mume hakurudi, alishapata mke mwingine hukohuko. Bi Mwanahamisi akasema, "Reli imenyooka, yeye akapinda," akaanza kusugua mazulia ya watu. Nilimkuta kwenye kazi hiyo akaniingiza, na siku ya kwanza aliniambia, "We Mluguru, mlimani kwenu hata mkeka mnaazima. Leo utashika zulia."

Msidhani alikuwa na dharau. Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu mababu. Mtani atakutukana mbele ya mkweo nawe huna ruhusa ya kununa. Ukifa anakuja msibani kukucheka, tena anaweza kubeba kitu chako chochote, na hakuna wa kumdai mpaka apende mwenyewe kukirudisha. Hili la msibani lishikeni, tutalihitaji.

Siku zile zulia tulilibeba kichwani mpaka Mto Morogoro, tukalitandika juu ya mawe na kulisugua kwa magoti. Nasema kwa magoti maana mikono ilikuwa inasaidia tu. Zulia la sufu likilowa ni zito kama maiti ya mtu aliyekula vizuri. Sabuni ilikuwa ya foleni, na foleni yenyewe unaweza kusimama tangu alfajiri ukaambiwa imeisha, zimebaki viberiti. Kwa hiyo tulitumia pumba. Ndiyo, pumba za mahindi! Unazinyunyiza kavu, unazisugua kwa mkono, zinanywa mafuta na uchafu, unazifagia. Doa la chai tuliliwekea majani ya mpapai yaliyopondwa. Ninyi mna dawa za kopo zenye picha ya mzungu anacheka, na madoa yenu yako palepale.

Tatizo lilikuja na nyumba ya wageni. Ilikuwa ya shirika moja, upande wa Boma, nasi ndio tulikuwa wasafishaji wake wa mazulia. Ile kazi ndiyo iliyolisha nyumba yangu na ya Bi Mwanahamisi. Sasa mwaka ule wakaweka zulia jipya jekundu sebuleni, limegandishwa sakafuni kutoka ukuta mpaka ukuta. Meneja wao, Bwana Kasiani, kijana mrefu mwenye suti ya Kaunda iliyopigwa pasi mpaka inakata, akatuita.

"Akina mama, hili mtalipelekaje mtoni?"

Bi Mwanahamisi akalitazama, akasema, "Labda mto uje."

Bwana Kasiani hakucheka. Akasema linataka mashine, na kama sisi hatuna ataleta watu wa Dar es Salaam wenye mashine. Wageni wa Sabasaba walikuwa wanakuja. Kabla ya Sabasaba zulia liwe limeoshwa, na atakayeliosha ndiye atakayepewa nyumba nzima, moja kwa moja.

Tukatoka nje. Bi Mwanahamisi alikuwa hatanii tena. Magoti yake yalishakufa. Hata kuswali alikuwa anaswali amekaa kwenye kigoda. Kusugua lile zulia lote kwa pumba na mikono asingeweza, na kazi ikienda Dar es Salaam, yeye hana mume wala shamba, atarudi Tabora kwa ndugu waliomsahau. Akaniambia, "Koleta, tutafute mashine. Nikirudi Tabora nitazikwa na watu wasiojua kunitukana."

Mashine tuliyoipata ilikuwa ya Mama Shirini, mke wa mfanyabiashara wa vitambaa. Zamani waliishi nyumba kubwa, ikachukuliwa na serikali kama zilivyochukuliwa nyingine, wakahamia vyumba viwili juu ya duka. Zulia lao kubwa lilisimama nyuma ya mlango limekunjwa, kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha kiti, na mashine ilikuwa chini ya kitanda.

Bi Mwanahamisi hakuitazama mashine kwanza. Alilitazama zulia. Akalikunjua pembe, akapuliza, akachimba kwa ukucha. Hili nalo mlijue: unaponunua mashine kuukuu ya mtu, angalia sakafu yake. Zulia chafu maana yake mashine mbovu au mwenye mashine mvivu, na mvivu hatii mafuta. La Mama Shirini lilikuwa safi mpaka kwenye mizizi ya nyuzi.

Ndipo akanusa. Vumbi. Akaipindua kifudifudi kama mtoto mwenye upele, akapitisha kiganja kwenye brashi zake mbili za duara. Nywele za brashi zilikuwa zimelika sawasawa pande zote. Zikilika upande mmoja, ujue shingo imepinda na itakuburuza kama punda mkaidi. Akajaza maji kwenye tangi, akaiweka juu ya gazeti, tukanywa chai yote, gazeti likabaki kavu. Akauvuta waya wote kutoka mwanzo mpaka kwenye plagi akiupitisha katikati ya vidole, maana watu huunga waya kwa plasta ya kidonda wakakuambia ni urembo.

Mwisho akanisukumia mimi. "Soma kibati."

Kiingereza sijui mpaka leo, lakini mia mbili na arobaini, nguvu ya umeme wetu, naijua. Ilikuwepo. Nikaiona, nikashusha pumzi. Bi Mwanahamisi alishanunua mashine siku za nyuma, kwa mtaalamu mmoja wa mradi aliyekuwa anarudi kwao Amerika. Kibati kilisema mia moja na kumi, yeye hakusoma. Alipoichomeka ikalia kama nguruwe, ikatoa moshi, taa za nyumba nzima zikazimika, na mtaalamu yuko angani anakula karanga. Tangi lake ndilo kuku wake walilokuwa wananywea maji. Kila nikimtembelea namkuta amelikodolea macho. Kwa hiyo Neema, kibati kwanza, rangi baadaye.

Tukamuuliza Mama Shirini anataka nini.

"Si shilingi," alisema. "Shilingi ninazo, Koleta. Nitazipika? Binti yangu anaolewa, watu watakuja, sina kitunguu, sina nyama. Nileteeni mbuzi aliyenona na mboga za kutosha, mashine chukueni."

Ndivyo ilivyokuwa miaka ile. Mwenye hela alikuwa anamwonea wivu mwenye bamia.

Mbuzi na mboga vilikuwa kwetu Nyandira, na wa kuvitoa alikuwa Mjomba Mloka. Sisi Waluguru mtoto ni wa kwa mama. Shamba la mama, ukoo wa mama, lukolo tunaita, na mkubwa wake ni mjomba. Mume ni mgeni anayelala muda mrefu. Mjomba Mloka ndiye alikuwa mndewa wetu, mkuu wa ukoo, mtu mfupi mwenye koti jeusi la sufu alilopewa na padri mmoja misheni. Jua liwake lisiwake, koti hilo halikumtoka.

Nikampelekea salamu. Baada ya siku chache akashuka mwenyewe na lori la kabichi, mbuzi kamshika sikio, magunia nyuma. Mbuzi akaenda kwa Mama Shirini, mashine ikaja chumbani kwangu, na Mjomba akaja kuiona. Akaizunguka.

"Lina tumbo," akasema. "Lina shingo. Lina mkia. Hili ni jike."

"Ni mashine, Mjomba."

"Mbuzi alikuwa wa lukolo. Mbuzi ameondoka, hili limeingia. Basi hili ndiye mbuzi sasa."

Mume wangu Anselmi akafungua kinywa. Mjomba akamwambia kwa upole kabisa, "Mkwe, wewe kunywa chai." Anselmi akanywa chai.

Kesho yake nimerudi kutoka mtoni, chumbani nimekuta alama mbili za duara kwenye vumbi.

"Mjomba wako kaondoka nayo," alisema Anselmi. "Kasema mali ya ukoo hailali kwa mume. Kambebesha Dismasi."

Dismasi ni ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo Sesilia. Alikuwa na mabega kama mlango wa kanisa, na akili zake, mnisamehe, zilikuwa za mlango huohuo.

"Ukawaacha?"

"Mimi ni nani?" akasema. Kwa mila zetu Anselmi alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mnaelewa jambo lenyewe? Mashine ya umeme imepelekwa Nyandira, ambako umeme pekee ulikuwa ule wa radi. Sabasaba inakuja. Bi Mwanahamisi akakataa kubaki mjini kunisubiri. Tukapanda lori la kabichi linalorudi tupu, yeye amekaa kwenye tairi la akiba, kila kona ya mlima anamtaja Mtume na mimi namtaja Bikira Maria, tukafika.

Mjomba alikuwa nje anachambua maharage. Bi Mwanahamisi akamwona kwa mbali.

"Mtani! Bado hujafa?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe utangulie, unionyeshe njia."

"Njia ya kwenu ni ya kushuka tu. Kitu chetu kiko wapi?"

Akatuingiza ndani. Macho yalipozoea moshi, tukatazama juu. Kwetu mahindi ya mbegu hatuyaweki ghalani, tunayaning'iniza darini juu ya mafiga, moshi uyapige yasiliwe na wadudu. Ni mahali pa heshima kuliko kitanda. Pale katikati ya mahindi, imefungwa kwa kamba za mgomba, ilining'inia mashine ya Mama Shirini. Ilikuja rangi ya maziwa. Sasa ilikuwa nyeusi kama sufuria ya msibani.

Bi Mwanahamisi akakaa chini polepole, akishikilia ukuta. "Umeikausha, mtani? Unataka kuipanda, au unataka kuila?"

"Panya," alijibu Mjomba. "Panya hawapandi penye moshi. Mjini kwenu panya wanakula waya, nimesikia. Tazama waya huo, una jino hata moja?"

Sisi wenyewe hatukuona jino. Na hapo nikiri kwamba mtu yule hakuwa mjinga. Aliitunza mashine kama anavyotunza kitu cha thamani kupita vyote alivyokuwa navyo. Ila thamani aliyoijua ilikuwa ya mbegu.

Nikampigia magoti. Nikamweleza habari za zulia la kugandishwa, Bwana Kasiani, watu wa Dar es Salaam, magoti ya Bi Mwanahamisi. Akasikiliza yote akichambua maharage.

"Mpwa wangu, nimekuelewa. Lakini mali ya lukolo hailali kwa mume."

"Na mimi je?" nikasema. "Mimi si wa lukolo? Mbona nalala kwa mume kila siku na hujanining'iniza juu ya moto?"

Shangazi na mama wadogo waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko. Mjomba akaacha maharage. Nikaona nimepata upenyo.

"Isilale kwa Anselmi. Ilale kwa Bi Mwanahamisi, yeye hana mume. Na kama huniamini, njoo nayo. Ni mali ya ukoo, mkuu wa ukoo aisukume mwenyewe."

"Mimi? Kazi ya wanawake?"

"Si ulisema yenyewe ni jike?" Bi Mwanahamisi akadakia. "Jike linatoka nyumbani bila mjomba wake? Ndio malezi ya Waluguru hayo?"

Alfajiri tuliteremka na lori, watu watatu na mashine moja, Mjomba ameikumbatia ndani ya koti.

Tulifika nyumba ya wageni asubuhi ya siku ya mwisho kabla ya wageni. Tulikuwa tumeifuta mashine kwa majivu na kitambaa mpaka ikarudi rangi ya chai ya maziwa, tukaona tumemaliza. Bwana Kasiani amesimama, mikono nyuma. Mjomba akaichomeka plagi kwa mikono miwili, kama anayemlisha mgonjwa. Akabonyeza.

Mashine ikakohoa. Halafu kutoka tumboni, kwenye yale matundu ambayo mimi na pua yangu tungepaswa kuyachungulia, ikatema masizi. Mende wawili waliokauka wakatangulia, masizi yakafuata, yakatua juu ya zulia jekundu kama kunguru.

Bwana Kasiani aliitazama sakafu. "Hii ni mashine," aliuliza, "au ni jiko?"

Akageukia mlango.

"Naenda kula. Nikirudi nikaikuta alama hiyo, nampigia simu mtu wa Dar es Salaam."

Alipotoka, wa kwanza kukimbia alikuwa Mjomba, na alikimbilia ndoo ya maji. Bi Mwanahamisi akapiga ukelele uliomgandisha. "Usimwage! Masizi hayaguswi na maji!"

Hilo liandikeni kwenye kuta zenu. Masizi ukiyapa maji umetengeneza wino, nao unaingia kwenye nyuzi hautoki hata kwa maombi. Usiyasugue, usiyakanyage. Tulikuwa na pumba kwenye kifurushi, hatukuwahi kutembea bila pumba. Unazimwaga kavu juu yake, unaziacha zishike, kisha unazizoa kwa viganja kutoka nje kuelekea ndani, kidogo kidogo, unamwaga nyingine.

Lakini eneo lilikuwa kubwa na mimi nilikuwa mmoja. Bi Mwanahamisi akajaribu kuinama. Goti la kwanza likakubali nusu, la pili likakataa, akabaki ananing'inia kwenye kiti, machozi yanamlenga. Na yule hakuwa mtu wa machozi, hata habari za Kisaki alizipokea akimenya viazi.

Mjomba Mloka alimwona. Akalivua koti. Niliishi miaka yote ile sikujua ndani ya lile koti mna mtu mwembamba kiasi kile. Akalitundika kwenye kitasa cha mlango, akapiga magoti pembeni yangu, mndewa mzima, akaanza kuzoa pumba na viganja vyake.

"Mtani," Bi Mwanahamisi alisema, "unazoa kama kuku."

"Nyamaza, kilema. Nionyeshe."

Akamwonyesha kwa kidole, kutoka nje kuelekea ndani. Tuliendelea mpaka pumba za mwisho zikatoka nyeupe. Ndipo tukaifungua mashine tumbo, tukaikung'uta nje uwanjani mpaka ikatapika kila kitu cha Nyandira, tukaweka maji na sabuni ya mche tuliyoikwangua, tukaichomeka tena. Ikanguruma kwa sauti nzuri, nene, kama padri aliyeshiba. Mjomba akaishika mpini. Povu likatoka, zulia likaanza kuwaka nyuma yake mstari kwa mstari. Alipofika ukutani akageuka mwenyewe bila kuambiwa.

"Nikupokee, Mjomba," nikasema, "umechoka."

"Nani amechoka?"

Bwana Kasiani aliporudi kutoka kula, alimkuta mzee wa watu na fulana yake yenye matundu anasukuma mashine na kuimba wimbo wa komunio. Akalitembelea zulia lote kwa macho. Akainama, akanusa.

"Linanuka moshi."

"Moshi unaondoka," alisema Bi Mwanahamisi. "Sisi hatuondoki."

Kazi tukapewa. Mgeni mmoja wa Sabasaba aliuliza nyama inachomwa wapi, akaambiwa bado haijaiva.

Jioni Mjomba akatoa kisu, akafungua skrubu ya plagi, akaing'oa kwenye waya, akaitia mfukoni mwa koti. "Jike lilale kwa mtani," akasema. "Kichwa chake kitalala kwa lukolo." Na plagi siku zile ungetafuta duka kwa duka kutoka hapa mpaka Mzumbe usiione. Alijua. Kwa hiyo kila mazulia yalipotaka kuoshwa, tulituma salamu na lori la kabichi, naye akashuka, akaifunga plagi, na mizunguko miwili ya kwanza ilikuwa yake, hakuna aliyeruhusiwa kugusa. Akimaliza anaing'oa, anapanda mlima. Nilimlalamikia sana. Nilimwita bahili, mchawi wa waya. Alikuwa anasema tu, "Mzima wewe? Watoto wazima? Basi," halafu anatukanana na Bi Mwanahamisi mpaka lori lipige honi.

Alipofariki tulipanda wote. Bi Mwanahamisi walimbeba kutoka kwenye lori kwa kiti. Wazee wakakaa kikao cha mali, jina la Mjomba akarithi Dismasi, na jembe, na panga. Na mashine. Dismasi akasimama kwa mabega yake akasema itapanda mlimani, irudi mahali pake, juu ya mafiga. Wazee wakaitikia. Nikainamisha kichwa. Magoti ya Bi Mwanahamisi hayakupona, na sasa mashine inakwenda kukaushwa na mahindi milele.

Ndipo nikasikia watu wanacheka. Nikainua macho. Bi Mwanahamisi, aliyebebwa kwa kiti, amesimama katikati ya uwanja wa msiba amevaa koti jeusi la marehemu. Ameshika mwiko mrefu wa ugali kama mpini, anausukuma, anageuka ukutani, anaukemea, "Nani amechoka? Nani amechoka?" Ni yeye mtupu, mwendo wake, kidevu chake. Mama mdogo Sesilia alicheka mpaka akalia, akalia mpaka akacheka. Halafu Bi Mwanahamisi akasimama kupumua, akatia mkono mfukoni, akapapasa.

Akaitoa. Plagi ya miguu mitatu, imeng'aa kwa kushikwashikwa.

"Nimeteka," akasema.

"Hiyo ni ya mashine," alisema Dismasi.

"Mashine chukua. Hii nimeiteka msibani mimi mtani. Njoo uninyang'anye."

Dismasi akawatazama wazee. Wazee wakatazama milima. Mashine bila plagi ni kigoda, hata Dismasi aliliona hilo, na mashine ikabaki Mwembesongo kwa Bi Mwanahamisi. Tukaisukuma mimi na Bi Mwanahamisi mpaka mota ilipochoka yenyewe kwa uzee, na kabla yeye hajaondoka duniani aliniwekea plagi kiganjani, akanikunja vidole, akaniambia nisimpe Mluguru yeyote.

Jana mashine ya Neema imefika. Nimeinusa: vumbi tu, nzima. Kibati kinasema mia mbili na arobaini. Brashi zimelika sawasawa. Kaponea kwa bahati, na nimemwambia. Kasoro moja: hukohuko Ulaya waya wake umekatwa mwisho, hauna plagi.

"Si tatizo, Bibi," alisema. "Plagi zimejaa dukani hapo chini."

Najua zimejaa. Nikavuta mkoba wangu nikauweka mapajani.

"Usinunue," nikamwambia. "Nitakuja nayo mwenyewe. Na mizunguko miwili ya kwanza ni yangu."